Motokaa ya Jamaa na Matembezi ya Jumapili

Msomaji, ukisimama Jumapili asubuhi penye lango la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, utaona motokaa kubwa zikiingia, watoto wamejaa nyuma pamoja na kapu la chakula. Utadhani zilibuniwa kwa matembezi. Sivyo, asili yake ni shamba.

Land Rover ilionyeshwa kwanza Amsterdam, Aprili 1948, nayo ilikuwa chombo cha mkulima. Ilifunikwa kwa alumini kwa kuwa chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Mwaka uo huo ikatolewa nyingine ya viti saba, kwa ajili ya jamaa. Wachache waliinunua, maana serikali iliitoza kodi ambayo ile ya shamba haikutozwa. Starehe ina gharama zake!

Mbuga yenyewe ilikuwa imeanzishwa mwaka 1946, ya kwanza nchini Kenya, kilomita za mraba 117. Wamaasai waliokuwa wakichunga humo waliondolewa. Tena, mwaka huo mwanamume Mwafrika wa mjini alikuwa angali akitakiwa kuchukua kipande. Je, ni nani aliyekuwa na motokaa ya kutembelea simba?

Leo kila alipaye kiingilio huingia, na motokaa nyingi hutoka Japan zikiwa zimekwisha kutumika huko. Lakini ndani ya mbuga mgeni haruhusiwi kushuka ila mahali palipowekwa. Asiye na motokaa, wala nauli ya gari la kutembezwa, hubaki nje ya ua.