Kazi ya Kuku Mikononi mwa Binadamu: Historia ya Kuangua Mayai na Kulea Vifaranga

Yai la kuku lililorutubishwa huanguliwa kwa siku 21, mradi lipate joto la karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi, unyevu wa wastani, hewa safi na kugeuzwa mara kwa mara. Kuku anayeatamia hutoa yote hayo bila kufundishwa. Manyoya ya tumboni humpukutika ili ngozi yenye moto iguse maganda. Huyageuza mayai kwa mdomo mchana na usiku, mimba changa isije ikagandamana na utando wa ndani ya ganda. Yaliyo pembeni huyavuta katikati. Hushuka kiotani kwa muda mfupi tu kula na kunywa, na mayai nayo yakapata kupumua. Yai likishapasuka, kazi nyingine huanza. Kifaranga hutoka na malaika mepesi yasiyoweza kushika joto, na kwa wiki kadhaa huishi kwa kuingia na kutoka chini ya mbawa za mama yake.

Binadamu alipotaka kuishika nafasi ya kuku, kazi hizi mbili hazikumtii kwa pamoja. Kuangua alikumudu zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Kulea bila mama kulibaki nyuma kwa karne nyingi, na hata leo ndiko wafugaji wengi wanakopotezea vifaranga.

Kuku wa nyumbani ametokana na kuku-mwitu mwekundu wa Asia ya Kusini-Mashariki. Mifupa inayohesabiwa na watafiti wengi kuwa ya kale kuliko yote ilifukuliwa Ban Non Wat, Thailand, na umri wake unakadiriwa kuwa kati ya mwaka 1650 na 1250 KK. Katika pwani ya Waswahili, mabaki ya Unguja Ukuu yanaonyesha kwamba kuku walikuwapo kisiwani katika karne ya 7 na ya 8, wakati biashara ya Bahari ya Hindi ilipokuwa ikistawi.

Maandishi ya kale kuhusu kuangua bila kuku yanaelekea Misri. Aristotle, katika karne ya 4 KK, aliandika kwamba Wamisri huyazika mayai kwenye chungu za samadi mpaka yanapoanguliwa. Karne tatu baadaye Diodorus wa Sicilia aliwasifu wafugaji wa nchi hiyo kwa kutoa ndege kwa akili na mikono yao wenyewe. Plinio Mkubwa, Mrumi wa karne ya 1 BK, anaeleza njia nyingine: mayai yanawekwa juu ya makapi mahali penye vuguvugu, moto mdogo unawashwa, mtu anayageuza, na vifaranga wote wanatoka siku moja. Plinio huyohuyo anasimulia habari za Livia Drusilla, alipokuwa amembeba tumboni Tiberio, kaisari wa baadaye. Livia alilifumbata yai kifuani mwake, na kila alipohitaji kulitoa alimkabidhi mlezi alishike ili lisipoe hata kidogo. Akatoka kifaranga jogoo, na hiyo ikachukuliwa kuwa ishara kwamba mtoto atakuwa wa kiume.

Samadi inayooza hutoa joto kweli, lakini joto hilo ni gumu kulitawala na mvuke wake hudhuru mayai. Kilichoipa Misri sifa ni tanuri, na tanuri hilo linastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu ni miongoni mwa majengo yenye akili nyingi kuliko yote yaliyowahi kubuniwa kwa ajili ya mfugo mdogo.

Ni jengo la matofali ya udongo lenye kuta nene. Katikati yake hupita ushoroba mrefu, na kila upande wa ushoroba kuna vyumba viwili viwili, kimoja juu ya kingine, vyenye mlango mdogo wa mtu kujipenyeza. Mayai, kwa maelfu, hupangwa katika chumba cha chini. Cha juu ni cha moto: kando ya sakafu yake kuna mfereji ambamo huchomwa samadi kavu iliyochanganywa na mabua, na joto hushuka kwenye mayai kupitia tundu lililoachwa katikati ya sakafu. Samadi haikutumiwa kwa sababu ya uhaba wa kuni peke yake. Huungua polepole bila mwali mkubwa, na moto wa namna hiyo ndio yai linaloutaka. Baada ya siku kama kumi moto huachwa ufe, na sehemu ya mayai huhamishiwa juu, kwa kuwa mimba iliyokwisha kukua hutoa joto lake yenyewe. Kuanzia hapo kazi kubwa ni kuziba na kuzibua matundu ya paa.

Yote hayo yalifanyika bila kipimajoto. Mtunza tanuri alilala mumo humo na kuishi na mayai yake, na alipotaka kujua hali yao alichukua yai moja akaligusisha kwenye kope ya jicho, mahali ambapo ngozi ni nyembamba na hisia ni kali. Abd al-Latif al-Baghdadi, tabibu aliyekuwa Misri mnamo mwaka 1200, aliieleza kazi hiyo kwa makini, akaongeza kwamba kule ni nadra kumwona kifaranga aliyeanguliwa na kuku. Ujuzi wenyewe ulirithiwa baba kwa mwana na kutunzwa kama siri ya ukoo. Wasafiri wa Ulaya walikitaja kijiji cha Berma, katika Delta ya Nile, kuwa chimbuko la mabingwa wake. Wasafiri hao waliandika pia juu ya mapatano yaliyokuwa yakifuatwa: kwa kila mayai matatu aliyopokea, mwenye tanuri alirudisha vifaranga wawili, na kilichozidi kilikuwa chake.

Hapo ndipo kazi ya tanuri ilipokoma. Vifaranga walishikiliwa kwa muda mfupi tu kwenye vuguvugu la ushoroba, kisha wakachukuliwa na watu wa vijijini. Kuwakuza kulikuwa kazi ya nyumbani, na hasa ya wanawake, waliowaweka ndani ya vikapu na baadaye juu ya mapaa ya nyumba. Wanahistoria wamelisifu tanuri kwa kurasa nyingi na kuupita haraka mkono wa mama huyo wa nyumbani, ingawa bila yeye tanuri lingezalisha mizoga. Mnamo 2009 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha utafiti juu ya matanuri ya asili yaliyokuwa bado yakifanya kazi Misri. Baadhi yalikuwa yamebadili samadi kwa mafuta ya taa, gesi au umeme.

China nayo ilikuwa na njia zake, ikitumia makapi ya mpunga yaliyopashwa moto na vikapu vikubwa. Wachina waliitumia vizuri hali ileile waliyoijua Wamisri: mayai yaliyokaribia kuanguliwa yaliwekwa jirani na mabichi, yakayapasha joto bila moto wowote.

Huko Ulaya tatizo lilikuwa baridi. Mwanzoni mwa karne ya 17 Mholanzi Cornelis Drebbel alitengeneza tanuri la kuangulia lililojirekebisha lenyewe: kimiminika kilipotanuka kwa joto kilisukuma zebaki, nayo ikapunguza hewa iliyoingia motoni. Ni miongoni mwa vyombo vya kwanza kabisa duniani vinavyojitawalia joto. Lakini aliyeifanya kazi hii kuwa elimu ni Mfaransa René-Antoine Ferchault de Réaumur, mwanasayansi aliyebuni kipimajoto kinachobeba jina lake mwaka 1730. Mwaka 1749 alitoa kitabu kizima juu ya kuangua na kulea ndege wa nyumbani kwa majira yote, akitegemea taarifa zilizotoka Misri na majaribio yake mwenyewe. Alizamisha mapipa katika samadi ya farasi, akaning'iniza vikapu vya mayai ndani, na kufuatilia joto kwa kipimo badala ya kope.

Kikubwa zaidi ni kwamba Réaumur hakuishia kwenye yai. Alitengeneza chombo alichokiita mama wa kubuni: sanduku lenye joto ambalo dari yake iliinama kuelekea nyuma, na upande wake wa chini ulifunikwa ngozi ya kondoo yenye sufu. Kifaranga mdogo aliingia mpaka mwisho, mkubwa alibaki mbele, na kila mmoja alipata mahali ambapo sufu ilimgusa mgongo. Chombo hicho kinaonyesha kuelewa jambo ambalo matanuri hayakuwa na haja ya kulishughulikia: kifaranga huhitaji joto la juu yake, na lazima awe na uhuru wa kulisogelea au kulikimbia. Bruda zote zilizofuata, yaani vyombo vya kulelea vifaranga kwa joto, zinasimama juu ya wazo hilo.

Karne ya 19 ilileta mashine ya nyumbani. Mwaka 1881 Charles Hearson wa Uingereza alitumia kidonge bapa na chembamba cha metali kilichotiwa etha. Joto lilipozidi kiwango, etha iligeuka mvuke, kidonge kikavimba na kuinua wenzo uliopunguza joto la taa ya mafuta lililoingia kwenye sanduku la mayai. Sasa mtu aliweza kulala usingizi. Katika mji wa Petaluma, California, Lyman Byce na Isaac Dias walikuwa wameunda mashine yao mwaka 1879, na mji huo ukaja kujulikana kama kapu la mayai la dunia. Wazo la mashine ya kuangulia liliokoa pia watoto wa binadamu: tabibu Étienne Stéphane Tarnier aliziona mashine za kuangulia kuku katika bustani ya wanyama ya Paris mnamo 1878, akaagiza ya namna hiyo kwa ajili ya watoto njiti, nayo ikaanza kutumika katika hospitali ya uzazi mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Kabla tu ya kutoka, kifaranga huvuta tumboni kiini kilichobaki, na akiba hiyo humweka hai kwa siku mbili au tatu bila chakula wala maji. Kuku huihitaji nafasi hiyo ili asubiri mayai yaliyochelewa; wafanyabiashara wakaona ndani yake safari. Mwaka 1892 Joseph Wilson wa New Jersey alisafirisha vifaranga wa siku moja kwa reli, na mwaka 1918 posta ya Marekani ikakubali rasmi kuwabeba. Mwaka huohuo Samuel Smith wa Ohio alipewa hataza ya mashine yenye feni, iliyosambaza hewa ya moto sawasawa kwenye trei zilizopandana. Umeme ulipoongezwa, mayai makumi ya maelfu yaliweza kuanguliwa ndani ya kabati moja. Kuku wa mayai nao walichaguliwa kizazi hata kizazi ili wasipoteze muda kwa kuatamia, na wengi wao leo hawaijui tena kazi hiyo.

Kuku wa kienyeji wa Afrika Mashariki hawakuisahau. Mfugaji humwekea mtetea mayai 10 hadi 15 yasiyozidi siku kumi tangu kutagwa, kwenye kiota kilichotandikwa nyasi kavu na kunyunyiziwa majivu ya kuzuia utitiri. Siku ya saba huyamulika kwa kurunzi gizani: lenye mimba huonyesha mishipa myekundu, lisilo na kitu huwa jeupe, nalo hutolewa. Wengi humlalisha kuku juu ya mayai ya bata au kanga pia, ambayo huchukua takriban wiki nne. Ujanja mzuri zaidi ni kuwaanzisha kuku wawili au watatu siku moja, kisha kumwachia mmoja vifaranga wote ili wenzake warudi kutaga. Mama huyo na wanawe hufunikwa kwa tenga ili kuwakinga na mwewe, na usiku huingizwa ndani.

Mijini, mafundi wa mbao hutengeneza mashine za kutotolesha kwa ubao, balbu, kidhibiti joto, feni ndogo na sahani ya maji. Nyingine ndogo za plastiki huagizwa kutoka China. Adui yao mkubwa ni umeme kukatika. Mayai huvumilia kupoa kwa saa moja au mbili, hivyo sanduku hufungwa na kufunikwa mablanketi. Kuanzia siku ya 18 mayai hayageuzwi tena na unyevu huongezwa, kwa kuwa utando ukikauka kifaranga hunasa ndani.

Bruda ya nyumbani huzungushiwa ubao laini au karatasi ngumu kwa umbo la duara, kusiwe na kona ya vifaranga kurundikana na kukosa pumzi, na hutandikwa maranda au pumba za mpunga. Joto hutoka kwa balbu, taa ya chemli au jiko la mkaa. Mkaa ni wa bei nafuu, lakini moshi wake usioonekana huua chumba kizima kisipokuwa na pa kutolea hewa. Pasipo nishati yoyote hutumika sanduku lililozungushiwa nyasi kavu, lililoenezwa sana Ethiopia, ambalo hulihifadhi joto la vifaranga wenyewe.

Wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa takriban nyuzi tatu kila wiki. Asiye na kipimajoto huwatazama vifaranga. Wakijikusanya chini ya taa wakilia, wana baridi. Wakiikimbia huku mbawa zimelegea na midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakijazana upande mmoja, kuna upepo unaopenya. Waliotawanyika wakila na kulala popote wametosheka. Manyoya yakishafunika mbawa na mgongo, moto huondolewa mchana kwanza, baadaye usiku. Tanga na Mombasa hilo hufanyika mapema, mara nyingi wiki ya tatu au ya nne, ilhali Njombe na Limuru huendelea hadi wiki ya sita, hasa katika baridi ya Juni na Julai.