Chakula cha Mjane Mezani pa Hoteli

Kwa muda mrefu Mbengali wa Calcutta, mji uitwao Kolkata tangu 2001, hakuona sababu ya kwenda hotelini kula chakula cha kwao. Hicho alikipata nyumbani. Waliolazimika kula nje ni makarani na wanafunzi kutoka vijijini, nao walikuwa na hoteli zao, zilizopewa jina la paisa, sarafu ndogo ambayo ndiyo iliyotupa sisi neno pesa. Walikula wali na samaki juu ya jani la mgomba, kila kitu kwa bei yake, hata jani lenyewe.

Mwaka 1969 chama cha All Bengal Women's Union, kinachosaidia wanawake wasio na pa kukimbilia, kilifungua mkahawa wa Suruchi na kuuza chakula cha nyumbani. Mingine ikafuata. Leo wateja hulipa vizuri wapate shukto, mboga chungu za kufungulia mlo, au ua la mgomba lililokatwakatwa.

Mapishi haya ya mboga yanadaiwa sana na wajane wa Kihindu. Mila iliwanyima samaki, nyama, hata vitunguu. Na wengine walifiwa na waume wangali watoto. Sheria ya 1856 iliwaruhusu kuolewa tena, lakini jikoni mwiko ulibaki. Basi wakapika maganda, mashina na maua mpaka yakawa matamu. Siku hizi lile ua la mgomba mara nyingi hutiwa kamba, ambao mjane aliyelipika hakuruhusiwa kuwaonja.