Shuka Mbili za Bluu Bahari

Kila mwaka, kati ya Mei na Juni, maelfu ya vijana waliomaliza kidato cha sita nchini Tanzania hutafuta majina yao kwenye orodha ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Kijana akishaijua kambi yake, iwe Bulombora au Mafinga, Rwamkoma au Mlale, shughuli inahamia kwa mzazi. Tangazo la JKT linataka bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni na isiyo na zipu, inayofika magotini. Linataka fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, nguo za baridi kwa anayepangiwa mkoa wa baridi, na nauli ya kwenda na kurudi. Anayetafuta vitu hivyo madukani, na mara nyingi anayekopa ili vipatikane, ni mama au baba.

Kununua shuka ni kazi nyepesi. Kumwandaa mtoto ni jambo jingine, kwa sababu linamtaka mzazi awe na la kumwambia. Pwani, kijana aliyeingizwa kumbini kwa jando alikuwa na kungwi, mtu aliyepita njia hiyo kabla yake. Katika historia ya JKT kuna wazazi walioweza kuwa makungwi wa watoto wao, na kuna ambao hawakuweza.

JKT lilizaliwa tarehe 10 Julai 1963, baada ya wazo lake kupitishwa mwezi Aprili katika mkutano wa Umoja wa Vijana wa TANU. Mwanzoni watu waliingia kwa hiari. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Safari hii askari walitafutwa miongoni mwa vijana wa TANU na wa JKT. Kwa wazee waliokumbuka vijana wakipelekwa hadi Burma chini ya bendera ya King's African Rifles, jeshi la mkoloni, kumpa mtoto baraka za kwenda kambini kuliwataka waanze kulitazama jeshi kwa jicho jipya.

Kisha sheria ikaingia nyumbani. Mwaka 1966 serikali iliamua kwamba wahitimu wa kidato cha sita, vyuo na chuo kikuu watumikie miaka miwili: miezi kadhaa kambini, halafu miezi 18 kazini huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba wanafunzi waliandamana hadi Ikulu, na baadhi ya mabango yao yalisema ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere alikasirika. Alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao.

Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa rais na wasomi. Upande wa wazazi ni nadra kusikika, nao ndio unaougusa moyo zaidi. Msomi wa 1966 alikuwa tegemeo la ukoo mzima. Mshahara wake wa kwanza ulikuwa umeshapangiwa ada ya mdogo wake na bati za nyumba ya mama kabla haujapokelewa. Asilimia 60 iliyokatwa ilikatwa pia kwenye sahani za watu wa kijijini, ambao wengi wao hawakuwahi kuliona darasa. Nyerere alikuwa na hoja nzito, kwamba wakulima haohao ndio waliomsomesha kijana huyo. Lakini mzazi aliyemwona mwanawe akirudi na sanduku, chuo kimemfukuza, hakuwa na uzoefu wowote wa kumshika nao mkono. Wengi wa vijana hao walirudishwa masomoni mwaka uliofuata.

Miaka ikapita, na kwenda JKT kukawa sehemu ya ukuaji wa msomi. Kijana aliondoka na tranka la bati, na habari zake zilirudi kwa barua. Vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978, vijana wa JKT na mgambo waliingia vitani pamoja na wanajeshi, na barua iliyochelewa ikawa inatisha. Baada ya vita uliingia uhaba: sabuni, sukari na nguo zilipatikana kwa foleni. Mche wa sabuni uliotiwa kwenye tranka wakati huo ulikuwa umetolewa kinywani mwa familia, na mtoto alilijua hilo bila kuambiwa.

Mwaka 1994 mafunzo ya mujibu wa sheria yalisimamishwa kwa sababu fedha hazikutosha. Utaratibu wa kujitolea ulirudi mwaka 2001, na wa mujibu wa sheria mwaka 2013, ambapo hata baadhi ya wabunge vijana walivaa bukta na kukimbia mchakamchaka. Baadhi ya wazazi wa makuruta wa mwaka huo walikuwa wameshapita JKT wenyewe. Waliweza kusema: zivae raba kabla ya safari zizoee mguu, kula upesi, afande akikufokea usijibu.

Hali imegeuka tena. Mzazi aliyemaliza kidato cha sita mwaka 1998 hakuitwa kambi yoyote. Yale mapumziko ya miaka 19 yameacha kizazi cha wasomi wasiojua hanga la kulala linanukaje wala kwata inaumizaje visigino, na sasa ni zamu yao kufungasha. Wanabaki kuuliza kwa shangazi, kwa jirani mstaafu, kwa yeyote aliyewahi kuitwa kuruta. Wenye watoto walio na ulemavu wa kuonekana kwa macho wana la ziada la kujua: tangazo huwaelekeza Ruvu, karibu na Mlandizi, kwenye miundombinu inayowafaa.

Baada ya miezi mitatu wazazi hualikwa kwenye gwaride la kufunga mafunzo. Wanakaa juani, vitenge mabegani, wakikodolea macho safu za vijana wenye nguo za aina moja na nywele za kunyolewa. Mama anamtafuta wake kwa mwendo, kwa bega lile analolijua, kabla sura haijaonekana.