Gazeti la michezo katika maktaba ya shule: mambo ya kukagua kabla ya kuliweka rafuni

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili kitabu cha hadithi na gazeti la michezo achague. Mara nyingi atashika gazeti. Hilo si baya. Kijana anayesoma habari za Simba na Yanga kwa hiari yake anazoea kusoma, anaongeza msamiati na anajifunza kufuata hoja mpaka mwisho.

Hata hivyo, magazeti mengi ya michezo huandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayenunua kwenye kibanda cha magazeti. Yanapofika maktaba ya shule, wasomaji ni watoto wa miaka 13 hadi 17. Katika makala hii tunaeleza mambo ambayo mwalimu wa maktaba, mjumbe wa bodi ya shule au mzazi anaweza kukagua kabla ya kununua gazeti au jarida la michezo, au kupokea msaada wa matoleo ya zamani.

Anza na matoleo kadhaa

Toleo moja halitoshi. Gazeti linalotoka siku moja baada ya dabi halifanani na la katikati ya wiki. Tafuta matoleo manne au matano ya wiki tofauti, chukua daftari na kalamu, kisha pitia ukurasa kwa ukurasa.

Je, linamfundisha mtoto kubeti?

Hili ndilo swali la kwanza. Tanzania, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza hadi cha nne hawajafika umri huo.

Tangazo kubwa la kampuni ya kubeti ni rahisi kuliona. Lililo gumu ni lile lililojificha ndani ya habari: uchambuzi wa mechi unaoishia na odi, orodha ya "mechi za uhakika", au simulizi ya mtu aliyeshinda mamilioni isiyotaja waliopoteza. Hakuna mechi ya uhakika. Hata kama kila timu uliyoichagua ina nafasi nusu kwa nusu ya kushinda, mkeka wa mechi tano una nafasi moja tu kati ya 32 ya kutiki. Mwanafunzi asiyeijua hesabu hiyo anaweza kuweka nauli au hela ya chakula cha shule.

Kama kamari ipo kwenye kurasa za matangazo pekee, kurasa hizo zinaweza kuondolewa. Kama imechanganywa na habari zenyewe, gazeti hilo halifai kwa rafu ya vijana.

Je, habari zake ni za kweli?

Angalia kama kila habari ina jina la mwandishi na inasema ilipopatikana. Tofautisha habari na tetesi za usajili. Gazeti zuri huandika wazi kwamba hizi ni tetesi, na likikosea husahihisha katika toleo linalofuata.

Jina kubwa la gazeti si dhamana. Novemba 2023, tovuti ya Futurism ilifichua kwamba tovuti ya Sports Illustrated, jarida maarufu la Marekani lililoanza mwaka 1954, ilikuwa na makala zenye majina na picha za waandishi ambao hawakuwepo. Kampuni iliyokuwa ikiliendesha ilisema makala hizo zilitoka kwa kampuni ya nje, na ziliondolewa.

Njia rahisi ya kupima ni kuchukua tukio unalolijua vizuri. Mfano ni Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda medali ya dhahabu ya marathoni katika mashindano ya dunia ya riadha mjini Tokyo. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili. Je, gazeti liliandika majina na muda kwa usahihi? Je, lilimpa nafasi inayomstahili, au lilimweka kwenye kona ya ukurasa wa mwisho?

Je, msichana atajiona humo?

Hesabu habari. Ngapi ni za mpira wa wanaume, ngapi za wanawake, na ngapi za mpira wa pete, riadha, wavu au ndondi? Mwaka 2022 Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India, na walikuwa wameifunga Ufaransa 2–1 kwenye makundi. Wachezaji hao walikuwa na umri wa wanafunzi wetu wa sekondari.

Tazama pia namna wanawake wanavyoelezwa. Habari ya mchezaji ieleze alivyocheza, si alivyovaa.

Lugha na uhai wake

Maneno ya mtaani huchangamsha habari, lakini matusi na kejeli za kabila au rangi hazina nafasi maktabani. Fikiria pia habari itaishi muda gani. Matokeo ya Jumapili huzeeka haraka. Historia ya mwanariadha, maelezo ya sheria za mchezo na ushauri wa kuzuia majeraha husomwa hata baada ya miaka. Hizo zikate uzihifadhi kwenye faili.

Kufanya uamuzi

Mwisho wa ukaguzi, weka gazeti katika moja ya mafungu matatu: linafaa, linafaa baada ya kuondoa kurasa fulani, au halifai. Andika sababu, ili mwalimu atakayekuja baadaye asianze upya. Rudia ukaguzi kila mwaka, kwa kuwa wahariri na watangazaji hubadilika.

Washirikishe wanafunzi wawili watatu, wa kike na wa kiume. Kijana aliyewahi kuhesabu mwenyewe odi zilizofichwa kwenye habari atazitambua hata akizikuta kwenye simu, mahali ambapo mwalimu wa maktaba hayupo.