Chuo Kikuu Kisichoonekana: Filamu za Kenya na Mlipa Karo wa Nyamache

Katika filamu Rafiki ya Wanuri Kahiu (2018), Kena anasubiri matokeo ya mtihani akiwaza kuwa muuguzi, naye Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari. Filamu inapokaribia kwisha tunamkuta hospitalini, amekwisha kuhitimu na anahudumia wagonjwa. Miaka ya katikati imerukwa. Rafiki ina jambo lake jingine la kusema, na siilaumu kwa hilo, lakini mruko huu si wake peke yake. Katika Saikati ya Anne Mungai (1992), elimu ya juu ni ndoto iliyo mbele ya msichana wa Kimaasai anayeikimbia ndoa ya kupangiwa. Katika Kolormask ya Sao Gamba (1986), chuo kimekwisha kubaki nyuma: msomi amerudi kutoka Uingereza na mke Mzungu, na kazi iliyobaki ni kuishi naye nyumbani. Ninalodai ni kwamba filamu zetu hukichukua chuo kikuu kama mahali pa kuendea au pa kutokea, na ni nadra mno kukionyesha kama mahali ambapo watu hufanya kazi ya kujifunza. Wanaopunjwa zaidi na pengo hilo ni wale wanaokigharamia kwa mbali.

Nyamache, katika Kaunti ya Kisii, ni mahali pazuri pa kulipimia dai hilo. Hapa kuna kiwanda cha chai, na pesa nyingi za karo hutoka shambani. Majani mawili na chipukizi huchumwa kwa mkono, kikapu hubebwa hadi kituoni, mzani husomwa, karani huandika kilo, kisha mkulima hungoja malipo ya mwezi, na bonasi mara moja kwa mwaka. Mzazi wa namna hii anajua hadi senti kile anachotoa. Anachopewa badala yake, hakijui. Chuo chenyewe hakiko mbali: Chuo Kikuu cha Kisii kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu, kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1994, kikapata hati ya kujitegemea mwaka 2013. Lakini kuwa jirani na lango si kuujua ukumbi wa mihadhara. Mzazi huingia siku ya kumsajili mtoto, hurudi siku ya mahafali, na yaliyo katikati huyapata kwa mtoto mwenyewe au kwa runinga.

Runinga nayo inampa nini? Tahidi High, iliyopendwa miaka mingi, ilihusu shule ya upili. Shuga, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2009 ili kuwahamasisha vijana kuhusu virusi vya UKIMWI, ilimleta Lupita Nyong'o kama Ayira, msichana mwerevu mwenye malengo makubwa, ila kinachomsukuma kwenye hadithi ni mapenzi, ukiwemo uhusiano wake na mwanamume aliyemzidi umri na cheo. Taarifa ya habari huzungukia migomo na mabomu ya machozi. Atasema mtu kwamba hayo yote ni kweli. Ni kweli, na Aprili 2, 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, kamera zilikuwa na wajibu wa kuwapo. Tatizo liko katika uwiano. Kijiji kikionyeshwa kwa mazishi na magomvi tu, hakuna atakayejua kwamba huko watu hulima. Binti wa Nyamache anapoondoka kwenda chuoni, wazazi wake wanakuwa wameonyeshwa kila hatari inayomngoja, na hata nukta moja ya somo analolifuata hawajaonyeshwa.

Pingamizi zito zaidi ni la wasanii: kusoma hakuna mvutano, na hakuna atakayekaa kumtazama mtu akifungua kitabu. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama filamu zenyewe zisingekuwa zimeshaikanusha. The Paper Chase ya Marekani (1973) ilijengwa juu ya darasa la sheria ya mikataba, na hofu ya mwanafunzi anayeulizwa swali mbele ya wenzake ikatosha kuibeba. Karibu zaidi nasi, The First Grader (2010) ilimwonyesha Kimani Maruge, mzee aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na penseli mkononi mwake ikawa na uzito zaidi kuliko bunduki. Kama alfabeti inaweza kuibeba filamu nzima, maabara na tasnifu zinashindwaje? Tena vyuo vyetu vina historia isiyohitaji kuongezwa chumvi. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu, na kiongozi wa wanafunzi, Titus Adungosi, akahukumiwa kifungo cha miaka kumi; alifia gerezani. Mwaka 1990 George Anyona, mwanasiasa wa Kitutu katika eneo la Nyamira ya leo, alikamatwa pamoja na Njeru Kathangu na wasomi wawili, Edward Oyugi na Ngotho Kariuki. Hapa Gusii jina la Anyona linakumbukwa kwa siasa, ilhali alipokamatwa alikuwa ameketi mezani akizungumza na wanazuoni, na serikali ikaona mazungumzo ya namna hiyo yanastahili jela. Hiyo ni filamu inayohusu chuo kikuu, na wa kuandikiwa kwanza ni watazamaji wa huku.

Gharama nayo hutajwa, na sitaipuuza, kwani leseni na vifaa havipatikani bure. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha filamu, na tamasha la kitaifa la maigizo na filamu hupokea kazi za vyuo. Wanafunzi hao tayari wako ndani ya kumbi ninazozizungumzia, hawahitaji kuzijenga upya studioni. Na haja ipo sasa. Mfumo wa kufadhili masomo ya vyuo vikuu ulioletwa mwaka 2023 uliwapanga wanafunzi kwa madaraja ya uwezo wa familia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza kuwa kinyume cha katiba, na serikali ikakata rufaa. Katika mabishano yote hayo mkulima wa chai aliulizwa anaweza kulipa kiasi gani. Angekuwa na haki ya kuuliza naye ni saa ngapi mhadhiri yumo darasani, ni vitabu gani vimo maktabani, na maabara ina hadubini ngapi kwa wanafunzi wangapi. Maswali hayo humjia mtu aliyewahi kuona.