Wahamiaji katika bonde la Kilombero

Wahamiaji katika bonde la Kilombero ni watu wa makabila mbalimbali waliohamia mji wa Ifakara na vijiji vya jirani, katika Mkoa wa Morogoro, Tanzania. Wenyeji wa zamani wa bonde ni Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga. Pembezoni wako Wapogoro, Wabena na Wahehe. Hakuna hesabu rasmi ya kila kabila, kwa kuwa sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ile ya mwaka 1967.

Historia

Hata Wambunga, ambao leo huhesabiwa kuwa wenyeji wa Ifakara, walifika kama wageni katika karne ya 19, tena kwa vita, wakiwa na asili ya Wangoni. Baadaye walichanganyika na majirani zao.

Katika karne ya 20 watu waliletwa na ajira: kwanza mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari huko Kidatu, kisha ujenzi wa reli ya TAZARA (1970–1975), yenye stesheni Ifakara na Mlimba. Hao hawakupata shida kubwa kupokewa. Waliishi kwa mshahara au biashara, na Kiswahili kilitosha sokoni, shuleni na hospitalini.

Wafugaji na suala la ardhi

Hali ilikuwa tofauti kwa Wasukuma, walioanza kufika kwa wingi katika miongo ya mwisho ya karne hiyo pamoja na ng'ombe wao, na kwa Wamaasai na Wabarabaig. Jina "wafugaji" linapotosha kidogo, kwa sababu Wasukuma wengi wa bondeni hulima mpunga pia, na plau zao za kukokotwa na ng'ombe hukodiwa na wenyeji. Ugomvi huanza mifugo inapoingia shambani.

Mwaka 2002 bonde liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 ilikataza kuchunga katika mapori tengefu. Mwishoni mwa mwaka 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Miongoni mwa walioguswa walikuwemo watu waliokwisha kupokewa na viongozi wa vijiji.

Kupokewa kijijini

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Migogoro hupelekwa kwanza kwenye baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu wakiwa wanawake. Sheria inaruhusu pia wakulima na wafugaji kuafikiana kutumia eneo moja kwa zamu. Kwa hiyo mgeni aliyepewa shamba kwa maneno ya mwenyekiti peke yake, bila mkutano wala muhtasari, hana cha kuonyesha mipaka inapopimwa, hata akiwa ameishi hapo miaka 20 na watoto wake wamezaliwa Ifakara.