Kariakoo: Neno Lililokufa Kwao

Kila lugha ina maneno yaliyochakaa. Katika Kiingereza, mojawapo ni Carrier Corps, jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Afrika Mashariki. Kikosi kilivunjwa baada ya vita, na leo jina lake hukutwa zaidi katika vitabu vya historia. Hata hivyo, Dar es Salaam hulitamka kila siku.

Waingereza waliutwaa mji huo mwaka 1916, na wapagazi wakawekewa kambi mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga soko. Wenyeji walilitohoa jina hilo kwa sikio, si kwa jicho: herufi p na s, ambazo Mwingereza huziandika bila kuzitamka, hazikuingia, r ya mwisho nayo haikusikika, irabu ndefu ikaandikwa oo. Nairobi, ambako pia palikuwa na kambi, tahajia ya Kariokor imeihifadhi r hiyo.

Umbo limedumu, lakini maana imefifia. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, inamwonyesha mpiganaji na bunduki yake. Kumbukumbu mojawapo ya wapagazi mjini humo ni jina la mtaa. Kwa hiyo, kamusi inayoieleza Kariakoo kuwa soko tu imeacha nusu ya maana yake.